Ramsa ya Waashi na Kiburi cha Wahakiki

Makala haya yametokana na kicheko. Katika jopo moja la kupitia mapendekezo ya tasnifu, ambamo nami nilikuwa mwanachama, mwanafunzi wa uzamili alituletea wazo la kulinganisha kazi mbili za Meksiko zinazowahusu waashi. Ya kwanza ilikuwa riwaya ya Vicente Leñero, Los albañiles. Ya pili ilikuwa filamu za vichekesho zijulikanazo kwa jina la El día de los albañiles, yaani "Siku ya Waashi", zilizoanza mwaka wa 1984 na kuzaa miendelezo; na mwanafunzi alitaka hasa kuushughulikia muendelezo. Jopo liliipokea riwaya kwa mikono miwili. Filamu zilikataliwa kwa muda usiotosha kumaliza kikombe cha chai. Mwenzetu mmoja alisema kwamba ya kwanza ni upuuzi, na inayoifuata ni upuuzi uliotiwa maji. Sote tulicheka, nami nikiwamo, na mwanafunzi akaenda zake kuandika upya. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni jambo gani hasa tulilolicheka.

Kwanza tuondoe shaka. Sidai kwamba filamu hizi ni johari iliyofukiwa mchangani ikingoja mhakiki aje aifukue. Ile ya 1984, iliyoongozwa na Adolfo Martínez Solares, ni ya kundi ambalo Wameksiko waliliita sexycomedia: filamu za fedha kidogo na haraka nyingi, zilizojaa watu wanaoanguka, wanaofukuzana, wanaojificha wasionwe na wake zao, na wanaorushiana maneno ya mafumbo machafu pasipo kupumzika. Chanzo cha kundi hili hutajwa kuwa Bellas de noche ya 1975, nayo ikapata muendelezo wake upesi. Mazingira yaliyolilea yanajulikana. Katika utawala wa José López Portillo, kuanzia 1976 hadi 1982, usimamizi wa filamu ulikabidhiwa dada yake, Margarita. Serikali ikapunguza mkono wake katika utengenezaji wa filamu za maana, na watengenezaji wa binafsi wakajaza pengo kwa bidhaa ya kuuza. Machi 24, 1982, hifadhi ya taifa ya filamu, Cineteca Nacional, iliteketea kwa moto. Wahakiki wengi wa Meksiko waliyaona mambo haya mawili, moto ule na vichekesho vile, kama kurasa mbili za msiba mmoja.

Historia hiyo ni ya kweli, lakini imekuwa ikifanyishwa kazi isiyo yake. Uchache wa fedha unatueleza ni kwa nini taa ni mbaya na sauti inakwaruza. Hautuelezi ni kwa nini mtu aliyetoka kubeba zege mchana kutwa alilipa kiingilio ili akamwone mtu mwingine akibeba zege. Swali hilo ni la uhakiki, na kulijibu kwa kusema kwamba watu hawana ladha ni kulikimbia.

Shutuma iliyoliteka jopo letu ilikuwa ya marudio. Muendelezo, tuliambiwa, ni ushahidi kwamba mtunzi ameishiwa. Ajabu ni kwamba shutuma hii haitumiki kwa wote. Ismael Rodríguez alitoa Nosotros los pobres mwaka wa 1948, Pedro Infante akiigiza seremala maskini. Mwaka huohuo akatoa muendelezo, Ustedes los ricos, na mwaka wa 1953 wa tatu, Pepe el Toro. Leo hizo huitwa utatu mtukufu wa enzi ya dhahabu ya filamu za Meksiko. Cervantes alitoa sehemu ya pili ya Don Quijote mwaka wa 1615, miaka kumi baada ya ya kwanza, na sijamsikia mtu akisema kwamba Sancho Panza alitiwa maji. Basi tatizo si muendelezo. Seremala anayelia akirudi mara tatu, tunasema ni utatu. Mwashi anayecheka akirudi mara ya pili, tunasema ni uchu wa fedha. Tunachokichukia ni utanzu, na muendelezo ni kisingizio.

Hata hivyo naomba twende mbele kidogo, maana kuutetea muendelezo kwa kuonyesha kwamba wakubwa nao waliufanya ni utetezi wa mnyonge. Ramsa ina wakati wake, nao si wakati wa riwaya. Mhusika wa riwaya hujifunza, huzeeka, hujuta. Mhusika wa ramsa huanguka kutoka ngazini, hujipangusa, kisha huipanda ngazi ileile. Bergson, katika kitabu chake juu ya kicheko cha mwaka wa 1900, aliona kwamba kichekesho huzaliwa pale ambapo kiumbe hai anaenenda kama mtambo, na mtambo kazi yake ni kurudia. Kumlaumu mhusika wa ramsa kwa kutokua ni sawa na kuulaumu mchi kwa kupanda na kushuka.

Na jina la filamu hizi lenyewe linatokana na jambo linalorudi. Siku ya waashi ni Mei 3, sikukuu ya Msalaba Mtakatifu. Katika majengo ambayo hayajamalizika, kote Meksiko, waashi hutengeneza msalaba wa mbao, wakaupamba kwa maua na karatasi za rangi, wakaupandisha mahali pa juu kabisa pa jengo. Fataki hulipuliwa. Mwenye jengo au mhandisi ndiye anayegharamia chakula na kinywaji, na kwa saa chache anayeamrisha ndiye anayeandaa. Papa Yohane wa 23 aliiondoa sikukuu hii katika kalenda ya Kanisa zima mwaka wa 1960, lakini Meksiko ikaendelea nayo, na waashi hawakuacha kuupandisha msalaba wao. Mei 4 mambo hurudi kama yalivyokuwa: mwiko mkononi, mhandisi kivulini. Mwaka ujao, jengo jingine, msalaba mwingine. Mtunzi aliyechagua sikukuu ya kila mwaka kuwa jina la ramsa yake, kisha akaulizwa kwa nini ametoa ya pili, ana haki ya kutuuliza sisi kama tumewahi kutazama kalenda.

Sasa tuigeukie riwaya ambayo jopo liliipenda. Ni riwaya kubwa, nami naisomesha. Ilipata tuzo ya Biblioteca Breve ya Barcelona mwaka wa 1963. Jorge Fons akaifanya filamu mwaka wa 1976, nayo ikatuzwa Dubu wa Fedha mjini Berlin mwaka uliofuata. Mlinzi mzee, don Jesús, amekutwa ameuawa katika jengo linalojengwa. Mpelelezi Munguía anawahoji watu wa kazini mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja ana sababu ya kumchukia marehemu, hadithi zinapishana, na mwisho wa yote muuaji hajulikani. Ustadi wa Leñero katika kuuvunjavunja ukweli hauna ubishi, na mtoto wa mhandisi hapewi nafuu. Naye yumo katika orodha ya washukiwa.

Lakini tuitazame riwaya kwa jicho lilelile kali tunalolitumia kuitazama ramsa. Waashi wa Leñero wanatufikia kwa njia gani? Wanatufikia kwa sababu mtu amekufa na dola imekuja kuuliza. Utani wao, tamaa zao, ugomvi wao wa mishahara, vyote vimegeuzwa ushahidi. Tunavisikiliza tukiwa tumeketi upande wa mpelelezi, tukitafuta alama ya hatia. Leñero alikuwa amesomea uhandisi wa ujenzi, na mahali pa ujenzi alipajua kutoka upande ule ambao mhandisi husimama. Simlaumu; kila mwandishi husimama mahali. Nasema tu kwamba riwaya iliyotufurahisha kwa kuwa "inawapa sauti wanyonge" inawapa sauti katika chumba cha mahojiano. Katika ramsa tuliyoicheka, mwashi huzungumza na mwashi, na hakuna anayeandika jibu lake daftarini.

Tofauti hii si ndogo. Mwaka wa 1940, katika Ahí está el detalle ya Juan Bustillo Oro, Mario Moreno, yule Cantinflas, anashtakiwa kwa mauaji asiyoyafanya. Anajibu kwa lugha yake isiyo kichwa wala miguu, sentensi zinazoanza bila kukusudia kufika. Mpaka kesi inakwisha, hakimu na mawakili wanazungumza kama yeye. Msomaji aliyekulia mbele ya Vioja Mahakamani hahitaji kuelezwa utamu wa hali hiyo. Mwaka wa 1992 kamusi ya Chuo cha Lugha ya Kihispania ilikikubali kitenzi cantinflear: ulimi wa mlalahoi uliingia kwa mlango wa mbele baada ya nusu karne ya kusimama uani. Leo Cantinflas ni somo. Alipokuwa akichekesha katika mahema ya mitaani, wenye elimu walimwona kama tunavyowaona wale waashi.

Na hapa ndipo panapohusu ulimi. Katika kazi ya ujenzi ya Meksiko pana daraja zinazojulikana. Chini yuko peón, ambaye hapa kwetu huitwa mtu wa mkono. Anayemfuata ni media cuchara, yaani "nusu mwiko", fundi ambaye bado hajakomaa, kisha oficial, na juu yao maestro, ambaye wajenzi humwita maistro. Neno cuchara ni kijiko cha chakula na pia ni mwiko wa mwashi. Kiswahili nacho kimeutuma mwiko jikoni na kwenye ujenzi, kisha kikauongezea kazi ya tatu, ya lile lisilotendwa wala kutamkwa. Mtu akielewa jinsi neno moja linavyoweza kukaa katika nyumba tatu namna hii, ameanza kuielewa albur.

Albur ni pambano la maneno ya maana mbili. Mmoja anasema jambo la kawaida kabisa, la chakula au la kazi. Chini yake pana maana ya matusi, na mwenzake hana budi kuikamata na kuirudisha ikiwa na makali zaidi. Chile ni pilipili, na pia ni kitu ambacho adabu ya jarida hili hainiruhusu kukitaja. Anayekawia kujibu ameshindwa, na anayecheka bila kuelewa ameshindwa zaidi. Octavio Paz aliichambua albur katika El laberinto de la soledad mwaka wa 1950: mshindwa, alisema, humezeshwa maneno ya mpinzani wake, na maneno yenyewe yamejaa ukali wa kijinsia. Kabla yake Samuel Ramos, katika kitabu cha 1934, alikuwa ameuona ulimi mchafu wa mlalahoi wa mjini kuwa dalili ya mtu anayejiona duni na anayejificha nyuma ya kelele. Jorge Portilla, ambaye kitabu chake juu ya relajo kilichapishwa mwaka wa 1966 baada ya kifo chake, aliona kwamba masihara ya kundi yanaua uzito wa kila jambo lenye thamani.

Wasomi hawa watatu sharti wasomwe. Ila yafaa mtu amuulize Portilla: thamani ipi, na ya nani? Mtu anayejenga ghorofa ambamo hatapata chumba, akaambiwa alichukulie ghorofa lile kwa uzito, ana deni gani la heshima? Na Ramos anaugeuza mchezo wenye kanuni kali kuwa ugonjwa. Mgonjwa hawezi kushinda dalili zake. Mchezaji wa albur hushinda au hushindwa mbele ya mashahidi wanaojua kanuni. Carlos Monsiváis, aliyefariki mwaka wa 2010, aliwahi kutuonyesha njia nyingine: aliwaandika Cantinflas na wachekeshaji wa mitaani kama mtu anayesikiliza, si kama tabibu.

Jopo letu halikusikiliza, wala halikuweza. Nakala iliyokuwapo ilikuwa na tafsiri ya Kiingereza chini ya picha, na albur haipiti katika tundu hilo. Kinachobaki ni waume wazima wanaocheka bila sababu na ndoo inayomwangukia mtu kichwani. Tungesemaje juu ya mgeni ambaye amekwisha kuhukumu majibizano ya malenga wa Lamu na Mombasa kwa kuzisoma beti zao katika nathari ya Kiingereza? Tungemcheka, na safari hiyo tungekuwa na haki. Isitoshe, vichekesho vya kimya vya Marekani vilivyohusu ujenzi, One Week ya Buster Keaton ya 1920, au The Finishing Touch ya Laurel na Hardy ya 1928, vilisafiri duniani kote kwa sababu mzaha wake ni ubao na ukuta: watu wasiojua kujenga wanajenga. Ramsa ya waashi wa Meksiko haitegemei kutojua kazi. Kazi wanaijua. Nusu ya mzaha wake imo kinywani, na aliyeinyima masikio ameiona nusu yake iliyo duni.

Wapo watakaosema: sawa, lakini ujumbe uko wapi? Swali hili limetutawala tangu tulipofundishwa kugawa kila kazi kuwa fani na maudhui, na maudhui tukayafanya mahubiri. Tukiiuliza ramsa inafunza nini, itanyamaza, nasi tutauchukua ukimya wake kuwa utupu. Ingefaa tuiulize inamruhusu nani kusema mbele ya nani.

Nasisitiza swali hilo kwa sababu ndilo linaloitia ramsa hii hatiani kwa kosa ambalo jopo halikulitaja hata mara moja. Tulisema ni chafu. Tulisema ni ya kipuuzi. Hakuna aliyesema kwamba wanawake waliomo, wengi wao, wametazamwa kuliko walivyosikilizwa. Kamera inazunguka miili yao huku pambano la maneno likiendelea juu ya vichwa vyao. Wao ni kisa cha albur. Washindani wake ni wanaume. Wapo wanaoitetea hali hii kwa kusema kwamba albur ndivyo ilivyo, mchezo wa kiume, na filamu imeakisi tu. Utetezi huo hausimami. Katika mtaa wa Tepito, mjini Mexico, Lourdes Ruiz, aliyefariki mwaka wa 2019, alijulikana kama malkia wa albur. Aliwashinda wanaume hadharani, kisha akaufundisha mchezo wenyewe darasani. Na nani katika pwani yetu anayehitaji kuambiwa kwamba mwanamke anakijua kijembe, baada ya miongo yote ya lelemama na taarab? Ulimi wa mwanamke ulikuwapo mtaani. Filamu iliupita mlangoni na kuingia ikiwa na mwili wake peke yake.

Hilo ndilo shtaka, na ni zito kwa sababu linaihukumu ramsa kwa sheria yake yenyewe. Utanzu uliojitwika kazi ya kumtoa mwashi katika chumba cha mahojiano umemwacha mwanamke dirishani, akitazamwa. Mhakiki anayeona matusi tu hawezi kulifikia shtaka hili, kwa kuwa kwake yeye matusi ya mwanamume na matusi ya mwanamke ni takataka za jaa moja. Ndiyo maana nasema adabu yetu haikuwalinda wanawake wa filamu ile hata kidogo. Ilijilinda yenyewe.

Gilberto, baba wa Adolfo Martínez Solares, ndiye aliyemwongoza Tin Tan katika Calabacitas tiernas ya 1949 na katika El rey del barrio, filamu ambazo hakuna idara ya filamu nchini Meksiko inayoona haya kuzisomesha leo. Tin Tan aliitwa mharibifu wa Kihispania kwa sababu ya kukichanganya na Kiingereza cha mpakani. Kutoka kwa baba hadi kwa mwana kuna njia ndefu, na sehemu yake kubwa ni mteremko, sikatai. Kuupima mteremko huo, kuuliza ni lini mwanamke aliyekuwa akimjibu Tin Tan aliacha kujibu, na ni kwa nini alinyamazishwa wakati uleule mwashi alipopewa filamu yake, ni kazi ya tasnifu nzuri. Ingeweza kuanza na riwaya ya Leñero na kuishia na muendelezo.

Mwanafunzi aliyeileta alibadilisha mada. Anaandika juu ya usimulizi katika Los albañiles pekee, sura tatu za mwanzo zimekwisha kupitishwa, na nimeombwa niwe mtahini wa ndani.